Vijishaba vya Roma: nimezisoma barua zenu

Toleo lililopita niliwaonyesha kijisarafu cha Kaisari Constantine kilichopigwa hapa hapa Trier, Ujerumani, mji ninaoishi. Ni shaba tupu, upana wake hauzidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande wa pili lango la ngome lenye minara miwili na nyota katikati. Nilisema nilikinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Sikutegemea barua zote hizi. Nyingi zinauliza jambo moja tu, ni shilingi ngapi, na hizo nimezijibu kwa mkupuo mmoja huko chini, kwa ufupi unaozistahili. Zilizobaki ndizo zilizonikalisha mezani hadi usiku.

Shikamoo Bi Mkubwa. Kikundi chetu cha kanisa kilikwenda kuhiji Yerusalemu, na dukani nikanunua "senti ya mjane" iliyopachikwa kwenye kidani cha fedha. Shemeji yangu anasema nimeuziwa kitu cha kiwandani, kwa sababu ukingoni kuna kinundu, dalili kwamba shaba ilimiminwa kwenye kalibu. Nani mkweli? (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Marahaba, mama. Shemeji yako kanuni anaijua, ila kaitumia mahali sipo. Sarafu ya Kirumi ya kawaida haikumiminwa, iligongwa. Fundi aliweka kidonge cha shaba juu ya chapa iliyokazwa kwenye fuawe, akashika chapa ya pili juu yake, nyundo ikashuka. Kwa hiyo ukiona mstari wa kiungo unaouzunguka ukingo wote, au uso uliojaa vitundu vya mapovu, au sarafu mbili dukani zenye kasoro ileile mahali palepale, ondoka. Huyo ni mtu wa juzi na kalibu yake.

Lakini Yudea walikuwa na mtindo wao. Walichimba vishimo kwenye bamba la jiwe laini la chokaa, wakaviunganisha kwa mifereji myembamba, wakamimina shaba, wakapata mkufu wa vidonge vilivyoshikana. Wakavigonga chapa, kisha wakavikata kimoja kimoja kwa tindo. Pale tindo lilipopita pakabaki kinundu. Kinundu chako basi hakimshitaki muuzaji. Kwa sarafu za Yudea kinamtetea.

Sasa tazama picha. Aina inayouzwa zaidi kwa mahujaji ina nanga upande mmoja, na upande wa pili nyota ya miale minane. Hiyo ni ya mfalme wa Wayahudi, Alexander Jannaeus, aliyetawala tangu 103 hadi 76 KK. Warumi waliutwaa Yerusalemu mwaka 63 KK, kwa hiyo, tukisema kwa haki, sarafu hiyo si ya Kirumi. Ila zilipigwa kwa wingi mno na kwa pupa (nyingi nusu ya nanga imeangukia nje ya shaba), na karne moja baadaye, siku za Yesu, bado zilikuwa mikononi mwa watu. Kwamba mjane yule alishika aina hii na si nyingine, hilo hakuna wa kulithibitisha. Mwenye duka akikuapia, ujue unauziwa mahubiri.

Ukitaka ya Kirumi hasa ya siku zile, tafuta za Pontio Pilato. Alizitoa katika mwaka wa 16, wa 17 na wa 18 wa Kaisari Tiberius, yaani kati ya 29 na 32 BK. Jina lake mwenyewe halimo, limeandikwa la Tiberius kwa Kigiriki. Lakini mkono wake unaonekana kwenye picha: upawa wa kumiminia divai ya tambiko, na ile fimbo iliyopinda kichwa ya waaguzi wa Roma. Vitu vya ibada ya kipagani, kwenye pesa za kununulia mkate Yerusalemu! Hapo unamwona mtu asiyejali majirani zake wanaamini nini.

Na thamani yake ya siku zile? Injili ya Marko inasema vijisarafu viwili vya mjane vilifanya kodrante moja. Hiyo ndiyo sarafu ndogo kabisa katika hesabu ya Kirumi: nne zilifanya asi moja, na asi 16 zilifanya dinari. Dinari moja ilikuwa na kodrante 64, na vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 walilipwa dinari kwa siku. Kibarua wako wa Kisauni akilipwa shilingi 640 kwa siku, sadaka ya mjane ni shilingi kumi. Kila kisarafu, shilingi tano.

Kuhusu karatasi uliyopewa: Israeli muuzaji wa vitu vya kale lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mambo ya Kale, na kitu kikitoka nje ya nchi lazima kiwe na kibali. Tafuta namba ya leseni. Kama kuna msalaba na maua tu, hilo ni pambo. Na kidani usikivae kila siku. Jasho na upepo wa chumvi wa Mombasa vitakimaliza kabla yako.

Mama, naomba nisaidie darasa langu. Uliandika kwamba kijisarafu chako kina gramu tatu, lakini miaka 30 kabla yake sarafu ya cheo hichohicho ilikuwa na gramu kumi. Pesa ilisinyaaje hivyo, na watu walikubalije? (Mwalimu wa historia, Tabora)

Mwalimu, hawakukubali. Waliikimbia.

Anza na siku njema, wanafunzi waone kilichopotea. Karne ya kwanza shaba ilikuwa pesa ya heshima: sesterti kubwa ya shaba ya njano, asi ya shaba nyekundu, kodrante ndogo ya kuingilia hamamu. Ukutani kwa kilabu kimoja Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuna maneno ya mwenye kilabu aitwaye Hedone: asi moja unakunywa hapa, ukitoa mbili utakunywa iliyo bora, ukitoa nne utakunywa Falerno, divai ya kifahari. Yaani chenji ilikuwa na ngazi zake. Mtu wa asi moja na mtu wa asi nne waliketi kilabu kimoja na kila mtu alijua anapata nini.

Karne ya tatu mambo yakaharibika. Vita vya mipaka, majenerali wakipinduana, na kila anayepindua lazima awalipe askari kesho yake asubuhi. Mwaka 215 Kaisari Caracalla alitoa sarafu mpya ya fedha, kichwa kimevikwa taji la miale. Ilihesabiwa kuwa ni dinari mbili, lakini fedha iliyomo ilitosha dinari moja na nusu. Ulaghai mdogo ukafungua mlango. Ilipofika mwaka 270 hivi, sarafu ileile ilikuwa na fedha asilimia mbili au tatu, iliyobaki ni shaba. Na hapo zile shaba ndogo za halali zikakosa kazi: nani atahangaika kupiga kodrante wakati hiyo inayoitwa fedha ni shaba yenyewe?

Kaisari Diocletian akajaribu kusafisha nyumba. Mwaka 294 hivi akatoa sarafu nene ya gramu kumi, iliyopakwa ngozi nyembamba ya fedha, na nyuma yake roho mlinzi wa watu wa Roma. Bei hazikutulia. Mwaka 301 akatoa amri ya bei kwa dola zima: ratili ya nyama ya nguruwe isizidi dinari 12, kinyozi asitoze zaidi ya dinari 2 kwa kichwa, kibarua wa shamba dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Atakayezidisha, kifo. Lactantius, aliyeishi wakati huo na aliyemchukia Diocletian, ameandika kwamba bidhaa zilitoweka sokoni kwa hofu na bei zikapanda zaidi. Waliopanga foleni ya sabuni na sukari Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji mwalimu kwa habari hiyo, waulize wazazi wa wanafunzi wako.

Baada ya hapo ni mteremko. Gramu kumi zikawa tatu. Na kuna ushahidi ninaoupenda kuliko takwimu zote, kwa sababu unaonekana kwa macho. Kuanzia mwaka 330 karakana zote za dola zilipiga sarafu yenye askari wawili wamesimama, mikuki mikononi, na katikati yao bendera mbili za kikosi. Maandishi: GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Mwaka 335 hivi sarafu ikapunguzwa tena, ikabaki gramu moja na nusu na kidogo, na bendera zikawa moja. Nafasi imekwisha! Askari walewale wawili, utukufu uleule, wamesogeleana. Ziwekeni mbili hizo kando kwa kando ubaoni, mtoto wa mwisho darasani ataelewa kupanda kwa bei.

Watu wakafanya nini? Mafundi waliiyeyusha shaba ili waitoe ile fedha kidogo iliyobaki ndani yake. Tunajua kwa sababu iko sheria ya mwaka 349 inayowapiga marufuku, na serikali haikatazi jambo lisilofanyika. Na mwenye uwezo alishika dhahabu. Constantine alikuwa ametoa solido ya dhahabu, 72 kwa ratili, gramu nne na nusu kila moja, na hiyo haikuguswa kwa karibu miaka 700. Makaratasi ya mafunjo ya Misri yanaonyesha kwamba katikati ya karne ya nne solido moja ilihesabiwa kwa mamilioni ya dinari. Askari na ofisa walipokea dhahabu. Muuza mboga alipokea shaba, na mfuko wake ulipungua akiwa amelala. Wengi humwita Constantine mkombozi wa uchumi. Alikomboa uchumi wa waliokuwa na dhahabu.

Mwisho wa mteremko ulikuwa karne ya tano: vipunje visivyofika gramu moja, vimegongwa hovyo, herufi mbili tatu tu ndizo zinaonekana. Mwaka 498 Kaisari Anastasius, huko Konstantinopoli, ndiye aliyerudisha shaba kubwa, yenye herufi M, maana yake vipunje arobaini kwa mkupuo mmoja.

Ni shilingi ngapi? (Wengi)

Kijisarafu cha Constantine kisichosomeka vizuri: bei ya soda na maandazi. Kinachosomeka: bei ya chakula cha mchana, na ukipenda chakula cha mchana kizuri. Zilipigwa mamilioni kwa mamilioni na zimebaki nyingi. Ukiwa unatafuta utajiri, fuga kuku.

Shangazi shikamoo. Kwa siku yangu ya kuzaliwa nilinunua mtandaoni mfuko wa sarafu za Kirumi ambazo hazijasafishwa. Nyingine sijazigusa, ila nyingi niliziloweka kwenye maji ya limau usiku mzima. Udongo umetoka, lakini zimekuwa za waridi na sura zimefifia. Nifanye nini zirudi? (Kijana wa Minneapolis, Marekani)

Marahaba, mwanangu. Hazirudi. Afadhali nikuambie leo kuliko uongeze siki kesho.

Shaba iliyokaa ardhini miaka 1,700 huota ngozi, ya kijani, ya kahawia, au nyeusi inayong'aa. Mara nyingi pua ya mfalme, nywele zake na herufi za jina lake vimo ndani ya ngozi hiyo, si kwenye shaba iliyo chini yake. Limau, siki, Coca-Cola, dawa ya kung'arishia vyombo, vyote hula ngozi kwanza. Ulichobaki nacho ni shaba iliyochunwa.

Lakini naona umesema kuna ambazo hukuzigusa. Hizo zifanyie hivi. Tafuta maji yaliyokenekwa, yale ambayo kwetu huuzwa vituo vya mafuta kwa kujazia betri (hakikisha ni maji, si asidi). Ziloweke kwenye bakuli la kioo, kila moja peke yake kama unaweza. Maji yakichafuka, mwaga, weka mengine. Wiki, miezi, hakuna haraka. Katikati ya maji na maji, ichukue chini ya lenzi na ulichokoe tope kwa kijiti cha meno cha mti, umekilowesha ncha. Mti ni laini kuliko ngozi ya shaba na mgumu kuliko tope. Usitumie pini wala kisu mpaka mkono wako umezoea, na ukishazoea hutakuwa na hamu navyo.

Mimi huanzia pembeni, si usoni. Sarafu moja ya Trier niliyoisafisha majira ya baridi ilikuwa kidonge cha udongo mtupu. Kwanza ulitokea mstari mwembamba uliosimama wima, nikajua ni mpini wa mkuki. Nikautafuta wa pili upande mwingine, ukawapo. Basi katikati nilijua lazima kuna bendera, swali ni ngapi. Kijiti kikapita polepole: moja. Kumbe ni ya baada ya 335, nimeijua kabla sijaona hata herufi moja. Herufi nilizitafuta mwisho, pale chini ya miguu ya askari, kwenye kile kipande kidogo kilichotengwa kwa mstari, kwa sababu ndipo karakana ilipotia alama yake. TR ni Trier, na P au S inayofuata ni chumba cha kwanza au cha pili cha karakana hiyo. CONS ni Konstantinopoli. SIS ni Siscia, huko Kroatia ya leo. SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria ya Misri. Hata London ilikuwa na karakana, alama yake PLN, ikafungwa mwaka 325 hivi. Sarafu ikishasafika, fanya mazoea ya kusoma hapo kwanza. Kichwa cha mfalme hakisemi ukweli, wote wamefanana makusudi.

Jambo la hatari ni moja: ukiona unga wa kijani kibichi, mpauko, unaoota tena kila ukiufuta, huo ni ugonjwa wa shaba. Ni kloridi iliyokutana na unyevu, na itaila sarafu hadi ndani. Itenge. Zilizo nzima zikaushe vizuri na uziweke kwenye bahasha za karatasi ndani ya kopo, pamoja na vile vipakiti vya vipunje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mifuko laini ya plastiki ya PVC usiitumie, hutoa utelezi wa kijani unaoharibu shaba.

Halafu muulize aliyekuuzia mfuko ule ulitoka wapi. Mifuko mingi hutoka nchi za Balkani, na shamba lililochimbwa usiku halirudishi tena habari zake. Marekani imeweka masharti ya kuingiza sarafu za kale kutoka nchi kadhaa, Italia, Bulgaria na Cyprus zikiwamo. Muuzaji mwenye karatasi hukasirika kidogo ukimwuliza. Asiye nazo hukasirika sana. Mimi hununua za mikusanyo ya zamani ya Wajerumani, zenye vikaratasi vyao vya wino uliofifia, na ninalipa zaidi kwa ajili ya kikaratasi.

Habari za kazi, mama. Mvulana wetu ameokota ufukweni Kilwa Kisiwani sarafu ndogo ya shaba. Kuna mgeni kaiona akasema ni ya Kirumi na akataka kuinunua. Ni kweli Warumi walifika kwetu? (Msomaji wa Kilwa Masoko)

Nzuri. Picha uliyotuma inatosha: hakuna kichwa cha mtu, pande zote mbili ni maandishi ya Kiarabu. Hiyo ni yenu wenyewe. Masultani wa Kilwa walipiga shaba zao kuanzia karne ya 11, na walikuwa na madaha: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mungu inayokwenda vina na jina hilo. Sarafu ya Ali bin al-Hasan ukiisoma kwa sauti ni beti. Hazina mwaka. Zimeonekana Mafia, Songo Mnara, moja ilifika Great Zimbabwe, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Na wewe unataka kumpa mgeni?

Usimpe. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu hicho hutolewa taarifa. Mchukue mvulana, mwende ofisi ya Mambo ya Kale, mwonyeshe na mahali hasa alipoiokota, maana mahali ni nusu ya habari yenyewe.

Swali lako la pili lina utamu. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, na Mgiriki wa Misri chini ya Roma, unaoeleza pwani yetu hadi soko la Rhapta. Ameorodhesha vilivyoletwa huku: mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemeni, mashoka, visu, vyuma vya kutobolea, vitu vya kioo vya aina aina, na divai na ngano za kuwapendeza wenyeji. Sarafu hakuzitaja. Ila alipofika Adulis, bandari ya Eritrea ya leo, anasema zilipelekwa dinari kidogo kwa ajili ya wageni wanaokaa pale, na kwamba wenyeji walitumia shaba ya njano iliyokatwa vipande badala ya sarafu. Hiyo ndiyo picha ninayoiamini: Roma ilifanya biashara na pwani yetu kupitia mikono ya Waarabu wa Muza, na pwani ikachukua vyuma vyenye kazi, si vyuma vyenye nyuso.

Dada, nakaa karibu na Bath, Uingereza, na mume wangu amejinunulia kile kifaa cha kutafutia vyuma ardhini. Akipata sarafu za Kirumi ni zake? Nami nitamzuiaje asilete udongo ndani? (Msomaji wa Somerset)

La udongo silo la safu hii, pole.

Kwanza apate ruhusa ya mwenye shamba. Akipata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha mahali pamoja, au kumi na zaidi za shaba, zenye zaidi ya miaka 300, sheria ya Uingereza inaziita hazina na anazo siku 14 za kuripoti. Kwetu huku Trier ni kali zaidi: bila kibali cha serikali hata kuchimba haruhusiwi.

Mwambie habari ya jirani yenu. Mwezi wa Aprili 2010, karibu na Frome, mpishi wa hospitali aitwaye Dave Crisp alisikia mlio shambani, akachimba, akaona mdomo wa mtungi na vijisarafu vimejaa. Akafanya jambo ambalo wengi hawaliwezi: akaacha kuchimba, akafukia, akawaita waakiolojia. Ndani ya mtungi mlikuwa na sarafu 52,503, kilo zipatazo 160, karibu zote zile za taji la miale nilizomweleza mwalimu wa Tabora.

Wachimbaji walizitoa tabaka kwa tabaka, kila tabaka na mfuko wake. Hapo ndipo uvumilivu wa Crisp ulipolipa. Sarafu mpya zaidi ni za Carausius, jemadari aliyejitangaza kaisari wa Uingereza tangu 286 hadi 293, na zimo zaidi ya 760. Mtu angetegemea zikae juu, kama mtungi ulikuwa unajazwa mwaka baada ya mwaka. Nyingi zilikuwa chini. Maana yake vyote vilimiminwa kwa mpigo, mfuko baada ya mfuko, mtungi ukiwa tayari ardhini, kwa sababu mtungi wenye kuta nyembamba vile usingebebeka ukiwa umejaa. Na anayeficha akiba yake hachagui chombo ambacho hawezi kukitoa bila kukivunja. Ndiyo sababu wataalamu waliozisoma walipendekeza kwamba si akiba, ni nadhiri: kijiji au watu wengi walileta vijishaba vyao na kuwapa miungu. Mimi nawaunga mkono. Sarafu zile zingezolewa kwa koleo jioni moja, swali hilo lisingeulizwa kamwe. Sasa zipo jumba la makumbusho la Taunton, mwende mkazione, si mbali na kwenu.

Assalaam alaykum. Katika kasha la marehemu babu yangu, aliyerudi Maskati kutoka Unguja baada ya 1964, nimekuta shaba tatu. Nimeambatisha picha. (Msomaji wa Maskati)

Waalaykum salaam. Mungu amrehemu mzee.

Ya kwanza ni nzuri, hongera. Mwanamke mwenye kofia ya vita, maandishi VRBS ROMA, na nyuma mbwa mwitu jike ananyonyesha mapacha wawili, nyota mbili juu yao. Ni jiji la Roma lenyewe, halina jina la mfalme yeyote. Constantine alianza kuzitoa mwaka 330 alipoufungua mji wake mpya, pamoja na mwenzake iliyoandikwa CONSTANTINOPOLIS, labda ili wakubwa wa Roma wasinune. Herufi za chini hazionekani kwenye picha yako. Piga nyingine, taa ikitokea ubavuni, si juu.

Ya pili imelika, lakini naona farasi ameanguka na mtu anachomwa mkuki. Hiyo ni aina iliyoanza mwaka 348, FEL TEMP REPARATIO, yaani siku njema zimerudi. Hazikuwa zimerudi. Vijishaba vya aina hizi vya karne ya nne na ya tano vimepatikana kwa maelfu Sri Lanka na kusini mwa India, na wenyeji wa huko walifikia kutengeneza vya kuigiza, kwa hiyo kasha la mtu wa Bahari ya Hindi halinishangazi. Kama mzee alikuwa na safari za Kolombo au Malabari, ndugu zake wakubwa watajua. Waulize mapema.

Ya tatu si ya Roma. Mizani ile na mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, ni pesa ya Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar. Usiisafishe.